Usikimbilie leza kubwa, angalia saa kwanza

Mdogo wangu, umesema kipimaumbali chako cha leza cha mradi wa chuo kinarukaruka kwa mita moja na nusu, na sasa unataka kushuka Luthuli Avenue, Nairobi, kutafuta leza yenye nguvu zaidi. Hizo pesa ziweke kwanza. Kifaa chako hupima muda wa mwanga kwenda na kurudi, na saa yake ya ndani inapiga mara milioni 100 kwa sekunde, yaani kila nanosekunde 10. Mwanga huenda na kurudi, kwa hiyo kila pigo ni mita 1.5. Si ndiyo hiyo mita na nusu yako? Tafuta chipu ya kupima muda, ile inayoigawa nanosekunde vipande.

Halafu elekeza mwale kwenye ukuta mweupe, kisha tundika gunia jeusi palepale. Umbali utabadilika na hujasogea hata hatua: mwangwi hafifu, yaani mwanga unaorudi ukiwa dhaifu, huchelewa kuvuka kizingiti, kile kiwango cha nguvu kinachosimamisha saa. Pima pia upana wa mwangwi, yaani unadumu muda gani, kisha urekebishe umbali.

MOLA, kipimaumbali cha leza kilichozunguka sayari ya Mirihi kwenye chombo cha Mars Global Surveyor, ilirusha mipigo 10 tu ya leza kwa sekunde kutoka kilomita 400 hivi. Kilichoisaidia ni kioo cha nusu mita cha kukusanya mwanga unaorudi, kwa hiyo pesa zikibaki, nunua lenzi pana. Na miwani ya kinga, tafadhali! Mwale wa leza wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064 hauonekani. Jicho halipati hata nafasi ya kupepesa.