Godoro kumshinda ng'ombe bei

Mkuu unayeuliza kama umesoma vibaya ulipokuta godoro lina bei kuliko ng'ombe, hapo hujakosea kusoma, orodha za mali za marehemu kule Kentucky, Marekani, miaka ya 1790 ndo zilivyo, godoro la manyoya mara nyingi linampita ng'ombe bei maana kulijaza tu unahitaji kama kilo 20 za manyoya ya bata bukini, hebu fikiria unanyonyoa bata wangapi, na kwenye bei hiyo hiyo wanahesabu na mashuka na mablanketi. Sufuria la chuma hata likiwa na ufa linaandikwa, chuma kilikuwa shida kupatikana kule. Nyumba ya magogo usiitafute kwenye orodha hizo, hiyo inahesabiwa pamoja na shamba, sio na vitu vya kubebeka. Ila jiandae, ukifungua ukurasa unaofuata unaweza kukuta watumwa wameandikwa na bei zao kwa pauni na shilingi, mstari mmoja chini ya farasi.