Jibu: Kupandanisha ramani ya zamani ya mafuriko na nyumba za OpenStreetMap kwenye QGIS

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema unatumia QGIS (programu ya ramani) kuhesabu nyumba za OpenStreetMap, ile ramani huria ya mtandaoni, zinazofikiwa na maji. Leya yako (tabaka la ramani) ya mafuriko ya bonde la Msimbazi, Dar, imechorwa kutoka ramani za zamani za upimaji, faili la .prj linalotaja mfumo wa koodineti halipo, na "utaipa 32737 ifanane na zingine." Hiyo ni namba ya mfumo wa koodineti wa WGS 84, ule wa GPS, kwa ukanda wa Dar. Usithubutu!

Ramani nyingi za zamani za Tanzania zimepimwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa Afrika Mashariki. Kwa Dar namba yake ni EPSG:21037 (EPSG ni orodha ya namba za mifumo ya koodineti). Data za OpenStreetMap ziko kwenye WGS 84. Zote zikiwa kwa mita, kwa macho koodineti zinafanana, ila ukichanganya, leya inahama kama mita 300. Tena inahama nzima nzima, ramani inabaki inapendeza, hakuna anayeshtuka.

Sisi hayo tulifundishwa na mkufunzi aliyelipwa vizuri: leya zote zipeni namba moja. Hakutuambia kwamba kuitaja namba hakusogezi koodineti hata moja. Ni kubandika lebo ya sukari kwenye kopo la chumvi. Tukahesabu kaya, tukachapa orodha, tukaipeleka mtaani. Mwenyekiti wa mtaa akaisoma, akauliza mbona wanaoingiliwa na maji kila masika hawamo, na waliomo wanakaa mlimani. Kazi ikarudiwa yote kwa hela yetu, mkufunzi keshaondoka. Mpaka leo nina hasira naye. Pale Jangwani, bondeni, mita 300 ndiyo ilikuwa tofauti ya nyumba inayozama na inayobaki kavu, na walioachwa nje ya orodha walikuwa watu, si nukta.

Na mtu asikwambie kosa ni la OpenStreetMap. Nyumba za Dar zilichorwa kwa wingi na wanafunzi na wakazi wenyewe kupitia Ramani Huria, mradi wa jamii wa kuchora ramani ya Dar, tangu 2015. Ni kazi ya kuheshimiwa, wataje kwenye ramani yako.

Kwa hiyo: itambulishe leya kwa mfumo wake halisi kwanza, 21037 kama ramani ya zamani uliyochorea imeandikwa Arc 1960. Kisha ibadilishe kwenda 32737 na uhifadhi faili jipya. QGIS ikikuuliza njia ya kubadilisha, chagua ya Tanzania, si ya Kenya. Halafu pima kwa kitu kisichohama: Daraja la Salender, lile la zamani, si lile jipya la Tanzanite. La kwenye ramani yako likikaa juu ya lile la OpenStreetMap, endelea. Lisipokaa, usihesabu nyumba hata moja. Weka picha hapa tuione.