Mkasi Si Dirisha: Maswali Yenu Kuhusu Kupogoa Mimea ya Ndani

Safari hii karibu kila aliyeniandikia ameshika mkasi mkononi. Mimea ya wengi wenu inaumwa na giza au maji mengi, nanyi mnataka niwape ruhusa ya kukata. Tuanze na swali lililokuja kwa sura nyingi kuliko yote.

Majani ya mmea wangu yanageuka njano moja baada ya jingine. Nikate wapi?

Usikate popote. Chomeka kidole kwenye udongo. Kikitoka kimelowa na mara ya mwisho ulimwagilia siku nyingi zilizopita, mizizi haipati hewa, na huenda imeanza kuoza. Jani moja la chini kabisa likipauka na kudondoka ni uzee tu, liokote utupe. Yakiwa matano kwa wiki, tatizo liko chini ya udongo, na hakuna mkasi unaokausha udongo. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno kwenye safu hii. Tafadhalini, kidole kwanza, barua baadaye.

Pothos yangu imetambaa kama mita mbili. Ina majani nchani tu, katikati ni kamba tupu. Nimekata ncha mara kadhaa lakini katikati hapaoti kitu. Nakosea wapi?

Unakata mbali na unapopahitaji. Pitisha vidole kwenye hiyo kamba: utakuta vifundo, yaani mahali jani lilipokuwa limeshikilia. Katika kila kifundo kuna jicho lililolala. Linalolilaza ni ncha yenyewe, kwa sababu ncha inayokua hutengeneza homoni iitwayo oksini, inayoteremka shinani na kuyazuia macho ya chini yasichipue. Ukiikata ncha, jicho linaloamka kwa kawaida ni lile lililo karibu kabisa na jeraha. Hilo nalo linakuwa ncha mpya na kuendelea kuwalaza wenzake. Ndiyo maana kila ukikata, kamba inarefuka palepale na katikati panabaki patupu.

Kwa hiyo shuka. Kata karibu na chungu, acha vifundo viwili au vitatu, na mkasi upite nusu sentimita hivi juu ya kifundo. Ukiacha kisiki kirefu kitakauka na kuoza. Ukikwangua kifundo chenyewe utaua jicho ulilokuwa ukilitafuta. Usizishushe kamba zote siku moja. Anza na moja au mbili, zikichipua ndipo uende kwa nyingine.

Ulichokata usitupe. Kigawe vipande, kila kimoja kiwe na kifundo angalau kimoja, ukitumbukize kwenye maji au udongo mwepesi. Jani lenye kikonyo peke yake, bila kifundo, linaweza kukaa kijani kwenye glasi miezi na miezi, lakini shina halitoi. Nasema hivi kwa sababu nusu ya picha mnazonitumia ni za majani ya namna hiyo. Vipande vikishatoa mizizi, virudishe kwenye chungu kilekile. Vyungu vilivyojaa unavyovitamani kwa watu mara nyingi vina mashina mengi yaliyopandwa pamoja, si shina moja lenye bidii.

Sasa jambo ambalo hukuuliza: chungu kimekaa wapi? Pingili, yaani sehemu za shina kati ya kifundo na kifundo, hurefuka na majani hupungua ukubwa pale mwanga unapokuwa haba. Mmea huu umesifiwa sana kuwa unavumilia giza. Kuvumilia ni kutokufa, basi. Ukikata vizuri kisha ukaurudisha kwenye kona ileile, utapata kamba tupu nyingine.

Shikamoo. Mtu anaweza kukata kiasi gani kwa mara moja?

Marahaba. Usizidishe theluthi ya mmea. Majani ndiyo yanayotengeneza chakula cha kuchipulia.

Ficus elastica yangu, ule mti wa mpira wa ndani, imegusa dari. Nikiikata kichwa itakufa? Na yale maji meupe je?

Haitakufa, ilimradi ina afya. Ila usikate kwenye urefu unaoutaka uwe wa mwisho. Machipukizi yatatoka chini kidogo ya jeraha na kupanda juu, kwa hiyo kata chini zaidi, vinginevyo mwakani mtaonana tena na dari.

Yale meupe ni utomvu. Unawasha ngozi na unaacha madoa kwenye nguo na sakafu. Vaa glavu, tandaza gazeti, futa jeraha kwa kitambaa chenye maji mpaka uache kutiririka. Usipake nta, majivu wala unga wa mdalasini. Jeraha litakauka lenyewe. Mwenye Dieffenbachia naye asikilize: mmea huo una chembe zilizochongoka kama sindano, na mtoto au paka akitafuna kipande, mdomo na ulimi huvimba. Masalia yazoe mara tu umalizapo, na usijisugue macho kabla ya kunawa.

Nina mmea wa ndani wa jamii ya mitende, umekuwa mrefu. Nikate juu utoe matawi?

Hapana, hapana. Kila shina la mmea huo lina sehemu moja tu ya kukulia, nayo iko kileleni. Ukiikata, shina lote linakufa. Ondoa makuti yaliyokauka kabisa, basi. Ila hakikisha kwanza kwamba ni jamii ya mitende kweli, maana wengi huita hivyo Dracaena, mmea mwingine wa ndani unaofanana nayo. Hiyo kata shina popote. Itachipua chini ya jeraha, mara nyingi machipukizi mawili au zaidi.

Ncha za majani zimekuwa kahawia. Nikizikata zitaota upya?

Hazioti tena. Ukitaka kuzipunguza kwa ajili ya macho ya wageni, fuata umbo la jani na acha mstari mwembamba wa kahawia, kwa sababu ukiingia kwenye kijani unafungua jeraha jipya litakalokauka vilevile. Kisha tafuta sababu: hewa kavu, chumvi za mbolea zilizojikusanya, au kumwagilia kwa kukumbuka na kusahau.

Mmea wangu una majani yenye mabaka meupe, lakini tawi moja limetoka kijani kitupu na linakua kwa kasi. Linapendeza, niliache?

Likate leo, mpaka kwenye jani la mwisho lenye mabaka. Kijani kitupu kina klorofili nyingi zaidi, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa kutengenezea chakula, ndiyo maana linakimbia. Ukiliachia, litautawala mmea.

Mkasi wa jikoni unafaa?

Unafaa ukiwa mkali na umefutwa kwa spiriti ya asilimia 70, kila unapohama mmea. Butu husaga shina.

Nikishapogoa, niongeze maji na mbolea upone haraka?

Kinyume chake. Majani yamepungua, kwa hiyo maji yanayotumika nayo yamepungua, na udongo utakawia kukauka. Wengi huua mmea wiki mbili baada ya kuupogoa vizuri kabisa, kwa huruma ya ndoo. Pima kwa kidole, usifuate ratiba ya zamani. Mbolea isubiri machipukizi yafungue majani, na hata hapo anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.