Muuzaji akikuletea habari za mwenzake, usitume hela usiku huo

Nina karakana ndogo Mwanjelwa, hapa Mbeya. Natengeneza mihuri, ngao za mahafali na vibao vya ofisini, na vyote vinapita kwenye mashine moja ya leza. Roho ya mashine hiyo ni tyubu ya kioo iliyojazwa gesi. Ikichoka, kazi imesimama.

Tyubu yangu ya kwanza ilipoanza kufifia, nilikuwa na wauzaji wawili, wote wa Kariakoo. Mmoja akanipigia jioni: "Kaka, yule jamaa yako anafunga duka. Na tyubu zake zimejazwa gesi upya. Nakwambia kwa sababu wewe ni mtu wangu." Ulikuwa msimu wa mahafali, oda za shule tatu ziko mezani. Sikumpigia yule mwingine hata mara moja. Nikatuma hela usiku uleule.

Tyubu ikaja na basi, imeviringishiwa sponji vizuri. Nikaiwasha, mwanga ndani ukawa zambarau safi. Wiki ya sita ulikuwa umepauka, mweupe mweupe, na akriliki ya milimita 3 haikatiki mpaka uipitishe mara mbili. Nilipodai, nikaulizwa waranti iliandikwa wapi. Duka la yule aliyesemwa anafunga liko wazi mpaka leo.

Kwa hiyo ukisikia tetesi, jiulize kwanza anayekuletea anauza nini. Kisha mpigie anayesemwa, umuulize mwenyewe. Na uombe vitu vinavyopimika: tarehe tyubu ilipotengenezwa (gesi hupungua hata ikiwa stoo), video yake ikiwaka huku mita ya miliampia (kipimo cha umeme unaopita kwenye tyubu) inaonekana, na waranti yenye muhuri. Hili la maandishi silegezi tena, hata kwa ndugu.

Wakubwa nao hawaachi mambo kwenye maneno. Leza za kuchorea chipu za kompyuta kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193 zinashindaniwa hasa na kampuni mbili: Cymer ya San Diego na Gigaphoton ya Japani. Oktoba 2012, ASML ya Uholanzi, inayotengeneza mashine za kuchorea chipu, ilitangaza kuinunua Cymer. Hebu fikiria wewe ni Gigaphoton: mteja wako mkubwa anakuwa mwenye mali wa duka la mshindani wako. Hapo umbea ungeota wenyewe. Ila mwaka 2013 mamlaka ya ushindani ya Japani iliruhusu ununuzi huo kwa masharti yaliyoandikwa, kwamba washindani watendewe haki na siri zao za biashara zilindwe. Gigaphoton bado iko sokoni. Na leza zenyewe, zinazoweza kupiga mapigo 6,000 kwa sekunde, vipuri vyake huhesabiwa umri kwa mabilioni ya mapigo. Mimi nimeiga hapo: nina daftari la saa za kila tyubu, na muuzaji akianza kumsema mwenzake namfungulia daftari.

Lakini na sisi wateja tunaeneza. Julai moja, rafiki yangu wa Makete alinipigia kwa hasira kwamba muuzaji fulani anauza tyubu mbovu, yake imepasuka yenyewe usiku. Nilikuwa nimeshaanza kuandika kwenye grupu la mafundi la Wasapu. Sijui nini kilinizuia, nikaifuta, kesho yake nikapanda gari kwenda kuona. Ule mwezi wa baridi kali, nyasi kule zilikuwa nyeupe kwa jalidi. Nikakuta ndoo yake ya maji ya kupozea mashine ina ganda la barafu juu. Maji yalilala ndani ya tyubu usiku kucha, yakaganda, kioo kikapasuka.

Tulimpigia muuzaji palepale, simu kwenye spika. Rafiki yangu ndiye aliyeanza: "Kaka, samahani, jana nilikusema vibaya kwa watu." Yule bwana akanyamaza kidogo, halafu akatuelekeza jinsi ya kumwaga maji kila jioni kuanzia Juni.