Kuimba Kichina kwa Kinywa cha Mtwara

Mdogo wangu mmoja wa Chikongola, hapa Mtwara mjini, anayesoma China, kanipigia juzi. Chuoni kwao kuna shindano la kuimba la wanafunzi wa kigeni, keshajiandikisha, na wimbo sharti uwe wa Kichina. Nilimwahidi kuandika, maana njia hiyo niliipita nilipokuwa Wuhan, na nilipoteza majuma mazima nikihangaika na kisichohitajika.

Nilihangaika na toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno. Kichina sanifu kina toni nne: "yu" ikipanda ni samaki, ikishuka kisha ikapanda ni mvua. Mimi nimelelewa na bibi anayesema Kimakonde, najua lugha ambayo sauti ikikaa pasipo pake mzee anakurudisha nyuma papo hapo. Basi nikawa napachika toni juu ya muziki, sauti ikayumba kama ngalawa kwenye mkondo. Mwalimu akanisimamisha. Katika nyimbo nyingi za Kichina za siku hizi melodi ndiyo inayoshika usukani, toni humezwa, na msikilizaji huelewa kwa mfuatano wa maneno.

Kinachotuponza sisi ni irabu. Tunazo tano tu, na ile ya "yu" ya Kichina haimo. Wimbo wangu ulikuwa na mvua, nami nikawa naitamka kama ya "yumo". Mama aliyekuwa akiuza tambi nje ya bweni letu alinisikia nikifanya mazoezi, akaweka mwiko chini, akaniuliza: "Una nini?" Alisikia "you", yaani kuwa na kitu. Mvua yangu haikumfikia kabisa. Akanifundisha: sema "i", ulimi usiusogeze, kisha kusanya midomo kama unayepuliza jiko la mkaa. Jioni tatu nilisimama mbele yake, mvuke wa sufuria ukipanda kati yetu, yeye akinitazama midomo tu. Marafiki zangu walikuwa wakinipigia makofi tangu siku ya kwanza. Mtafute mtu kama yule mama.

Halafu miisho. Maneno yetu huishia na irabu, kwa hiyo "shan" kinywani mwetu inataka kuwa "shani", na "shang" inageuka "shangi". Ile "ng" ya mwisho tunayo, tena tunaitafuna: sema "ming'oko", ile mizizi ya porini tunayoila kwetu, lakini kata pale kwenye ng', usifike "oko". Ndivyo "shang" inavyofungwa. Niliwafundisha hivi Watanzania wenzangu bwenini na waliipata palepale, japo wa Mwanza ilibidi kwanza niwaeleze ming'oko ni nini.

Watakwambia uchague wimbo wa polepole. Mimi sikubali. Wimbo wa polepole unaivuta irabu, na kama irabu ni mbovu, ukumbi mzima utaisikiliza kwa sekunde nne. Chukua wa mwendo wa kati, ambao sauti ndefu zinaangukia kwenye "a" au "o". Na kila neno ujue maana yake, moja moja, maana uso unaoimba usichokielewa huonekana hadi viti vya nyuma.

Sasa lile ambalo hakuna aliyeniambia: toni zinarudi unapojitambulisha. Kabla ya kuimba utasema jina lako na utokako, na hapo hapana melodi ya kukuficha. Nchi yetu wanaiita Tansangniya, toni ya tatu, ya kwanza, ya pili, ya nne, zote zimo. Mimi nilifanya mazoezi ya wimbo mwezi mzima na salamu sikuigusa. Nikasimama jukwaani na kanga ya bibi begani, nikasema natoka wapi, na nikaona watu wa mbele wakigeukiana kuulizana. Niliimba ubeti wa kwanza mwili ukinitetemeka. Wewe anza na salamu.

Mdogo wangu, rekodi salamu na ubeti wa kwanza, unitumie leo kabla hujalala. Huko mko mbele kwa saa tano, mimi huku itakuwa bado jioni. Nataka kuisikia hiyo mvua.