Jibu: Tangi lijazwe au liachwe tupu gari likilazwa majira ya baridi?

Salaam mkuu. Umeuliza kama tangi la gari lako la zamani la kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini) liachwe tupu msimu wote wa baridi. Hapana, lijaze, ubakize nafasi kidogo tu. Tangi la chuma likiwa tupu, unyevu wa hewa hugeuka matone ndani na kutu huanza.

Ila kwanza kagua paipu za mpira zinazopitisha petroli. Zikunje kwa vidole. Ukiona nyufa, badilisha, maana petroli yenye ethanoli (aina ya pombe) hula mipira ya zamani. Tia dawa ya kuhifadhi petroli, kisha washa injini ingurume nje ya gereji dakika 10 hivi ili ifike kwenye kabureta. Kama kuna koki ya mafuta, mimi huifunga huku injini ikiwaka hadi izime yenyewe, bakuli la petroli ndani ya kabureta libaki tupu. Petroli ikikaukia humo huacha utando unaoziba jeti, yaani vitundu vidogo vya kupitisha petroli.