Muuguzi mpya na msongo wa kazi

SWALI: Nimeanza kazi ya uuguzi hivi karibuni. Zamu za usiku zimenivurugia usingizi, na hata nikiwa nyumbani huwaza kama nilimpa mgonjwa dozi sahihi. Je, sifai kazi hii?

JIBU: Unafaa, ndugu msomaji. Hofu hiyo huwapata wauguzi wapya wengi, kwa kuwa chuoni ulisimamiwa, ilhali sasa saini iliyo kwenye chati ya dawa ni yako. Shirika la Afya Duniani huuhesabu uchovu mkubwa wa kazi kuwa matokeo ya msongo wa kazini usiodhibitiwa, wala si ugonjwa. Hivyo mwajiri naye anawajibika. Mwombe msimamizi wa wodi akupe muuguzi mzoefu wa kukuongoza, na zamu za usiku zisifuatane mno. Usingizi ukizidi kupotea, muone daktari mapema.